Usiuze Ng'ombe kwa Picha Isiyo na Swali

Wiki moja walinijia wazee wawili, wote watu wa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, kila mmoja na karatasi yenye neno lile lile moja: Parkinson.

Wa kwanza alikuwa mbadilishaji fedha pale mpakani, shilingi za Uganda kwa faranga za Kongo kwa dola, kazi aliyoifanya tangu ujanani. Alikuja na daftari lake la hesabu, na daftari hilo liliniambia ugonjwa kabla sijamgusa. Kurasa za mwanzo tarakimu zimesimama, nene, zinajaza mstari. Katikati ya daftari zimepungua nusu. Ukurasa wa mwisho zimekuwa vidoti vinavyofuatana kama sisimizi, na bintiye ameziandika upya pembeni ili mteja asipunjwe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa gotini, kidole gumba kikisugua cha shahada taratibu, kama anayehesabu noti. Mkono wa kushoto haukuwa na neno.

Wa pili alikuwa mkulima wa viazi, na hakutetemeka hata kidogo. Aliingia ameshikwa na wanawe wawili, shingo imenyooka kama ya askari kwenye gwaride, macho yametoka kama ya mtu aliyeshtushwa usingizini. Shati lake lilikuwa na madoa ya sombe kuanzia kifuani hadi tumboni. "Dokta, mzee anaanguka," mwana mkubwa akasema. "Anaanguka kinyumenyume, kama gogo. Mwaka huu tumeshamwokota mara nyingi, hatuhesabu tena." Nikamwomba: mzee, tazama viatu vyako. Uso ukajitahidi, paji likakunjamana, macho hayakushuka. Kisha nikamwomba anikazie macho usoni, nikashika kichwa chake kwa mikono miwili na kukiinamisha nyuma polepole. Macho yakashuka yenyewe bila shida. Misuli ya macho ilikuwa hai, neva zake zilikuwa hai. Kilichokufa ni ile amri inayotoka juu kuyaambia "shukeni".

Familia zote mbili zilikuwa na ombi moja: picha. Ya kwanza ilikuwa inatafuta mnunuzi wa kiwanja. Ya pili ilikuwa imeshauza ng'ombe, kwa sababu ndugu mmoja aliyeko ng'ambo aliwaeleza kuwa ipo picha maalum inayoonyesha Parkinson yenyewe na kuainisha ni ya aina gani.

Nimeandika kuhusu jambo hili kwa vipande vipande katika safu hii, leo nataka niliseme lote. Picha ya ubongo haipigwi ili kuthibitisha Parkinson. Parkinson hutambuliwa kwa macho na mikono ya daktari, kwa historia inayosimuliwa na watu wa nyumbani, na kwa jinsi mwili unavyoipokea dawa. Picha ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutafuta kitu kingine kinachojifanya Parkinson, hasa kile kinachotibika. Kazi hiyo inamhusu karibu kila mgonjwa wa kwetu, wala haihitaji mashine ya anasa. Ya pili ni kuutenganisha ugonjwa wa Parkinson na jamaa zake, pale ambapo uchunguzi umeshazaa shaka yenye jina. Hiyo inawahusu wachache. Na ile picha ambayo familia nyingi huuzia mifugo, picha ya dopamini, hailijibu swali hilo la aina kama wanavyoahidiwa.

Ili uone kwa nini, fikiria maji ya Goma. Kuna pampu kando ya ziwa, kuna bomba linalopanda mtaani, kuna tangi la mtaa ambako watu hupanga bidoni zao za njano. Ndani ya ubongo, pampu ni seli nyeusi zilizo katika ubongo wa kati, sehemu ndogo ya shina la ubongo. Zenyewe hutengeneza dopamini. Bomba ni nyuzi za seli hizo zinazopanda hadi kwenye vituo vya ndani vya ubongo, hasa kile kiitwacho putameni. Putameni ndiyo tangi: hapo dopamini hupokelewa na mwendo wa mwili ukalainishwa.

Katika Parkinson, pampu ndiyo inayokufa. Bomba linakauka, lakini tangi ni zima. Ndiyo maana levodopa hufanya kazi: ni sawa na kuleta maji kwa bidoni na kuyamimina tangini, mtaa ukaendelea kuishi. Katika jamaa zake wawili wakubwa mambo ni mengine. Mmoja hujulikana kwa herufi PSP. Ulielezwa mwaka 1964 na Steele, Richardson na Olszewski, madaktari waliokuwa Toronto, na ndio unaoyafunga macho yasishuke na kumwangusha mtu mapema. Mwingine ni MSA, unaoharibu mifumo kadhaa kwa pamoja: mgonjwa hukakamaa, lakini pia huzimia akisimama, hushindwa kuuzuia mkojo, au hupepesuka kama mlevi. Katika yote mawili pampu hufa, na tangi nalo lina ufa. Unamimina bidoni baada ya bidoni, maji yanavuja. Kisha kuna parkinsonizimu ya dawa, ambapo pampu, bomba na tangi vyote ni vizima ila mtu ameyafunga mabomba ya kuchotea: haloperidol, chlorpromazine, na hata metoclopramide ambayo watu wa huku humeza kwa wiki nyingi kwa sababu ya kichefuchefu. Na kuna ile ya mishipa ya damu, ambapo shinikizo la damu la miaka mingi limekatakata njia za ndani, na mgonjwa hutembea kwa hatua fupi za kuburuta wakati mikono yake bado ina wepesi wa kumenya viazi.

Sasa picha ya dopamini. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi iitwayo ioflupane, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2000 na Marekani mwaka 2011. Dawa hiyo hung'ang'ania kwenye midomo ya bomba, pale nyuzi zinapoingia tangini. Kwa mtu mzima picha huonyesha alama mbili za mkato zikitazamana. Seli zikifa, mkia wa mkato hupotea kwanza, kinabaki kichwa: mkato umekuwa nukta. Ni picha nzuri, na inavutia kuitazama. Lakini angalia inapima nini. Inapima bomba. Katika Parkinson bomba limekauka, katika PSP limekauka, katika MSA limekauka. Nukta itaonekana kwa wote watatu, na mzee wa viazi angerudi kutoka safari ya gharama kubwa akiwa na karatasi inayosema kile ambacho wanawe walishakijua, kwamba baba ni mgonjwa.

Siidharau picha hiyo. Ina kazi yake, nayo ni kutofautisha bomba lililokauka na bomba zima: mtetemeko wa kurithi dhidi ya Parkinson, au parkinsonizimu ya dawa dhidi ya ile ya seli kufa. Tena ilitufundisha unyenyekevu sisi madaktari. Katika utafiti mashuhuri wa levodopa uliochapishwa mwaka 2004, wagonjwa 142 walipigwa picha za dopamini mwanzoni, wote wakiwa wametambuliwa na mabingwa kuwa na Parkinson changa. Ishirini na mmoja kati yao walikutwa na picha isiyo na dosari. Hata bingwa hukosea, hasa ugonjwa ukiwa mchanga. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa Bunagana anayekunywa haloperidol, kipimo kilicho karibu zaidi ni kwenda kwa aliyemwandikia dawa, kuipunguza au kuibadilisha chini ya uangalizi, na kusubiri kwa subira, wakati mwingine hadi miezi 6. Dawa ya mionzi inayotumika katika picha ya dopamini ina iodini 123, ambayo hupoteza nusu ya nguvu yake kila saa 13. Hutengenezwa kwa mashine kubwa na kusafirishwa kwa ndege huku saa zikihesabiwa. Haiwezi kusubiri kizuizi cha barabarani.

Zipo picha nyingine za mionzi zinazotenganisha jamaa hao vizuri zaidi. Ile ya PET inayotumia sukari yenye mionzi huonyesha ni maeneo gani ya ubongo yanakula na yapi yamelala, na kila ugonjwa una mpangilio wake. Nairobi ina mashine za PET, ila foleni yake ni ya wagonjwa wa saratani, na ni haki yao. Wajapani nao wana njia ambayo nimeipenda siku zote: wanapiga picha ya neva za moyo. Katika Parkinson neva hizo hufa, katika MSA kwa kawaida hubaki. Nalitaja kwa sababu wagonjwa wengi hawaamini ninapowaambia kuwa ugonjwa wa ubongo unaweza kusomwa kifuani.

Turudi kwenye kile kinachowezekana. MRI, au IRM kama tunavyoiita sisi tuliosomea kwa Kifaransa, haina mionzi, ina sumaku. Kwa mbadilishaji fedha wangu, MRI ya kawaida ingeonyesha ubongo unaolingana na umri wake, basi. Hilo nalisisitiza kwa sababu limeumiza watu: katika Parkinson ya kawaida, picha ya kawaida huwa safi. Nimeona familia ikiambiwa "picha ni nzuri, hakuna kitu", ikatoka pale ikiwa na maamuzi mawili tu ya kuchagua, kwamba mzee anajifanya au mzee amerogwa. Nimekutana na mama aliyekaa miaka mitatu bila dawa kwa sababu ya sentensi hiyo. Seli zinazokufa ni chache, zimekaa mahali padogo kuliko kucha, na mashine nyingi za ukanda wetu hazizioni. Kwa sumaku yenye nguvu ya tesla 3 na mpangilio maalum wa picha, eneo hilo kwa mtu mzima huonekana kama mkia wa mbayuwayu, wenye panda mbili, na kwa mgonjwa panda hiyo hufutika. Ni alama ya kweli, ila inataka mashine kali na jicho lililozoea. Tusiijengee matumaini hapa kwa sasa.

Kwa mzee wa viazi hadithi ni tofauti kabisa, na hapa ndipo fedha ya ng'ombe ilipopata kazi. Tulimwandikia MRI upande wa pili wa mpaka, na kwenye fomu sikuandika "Parkinson?". Niliandika: macho hayashuki, anaanguka nyuma tangu mwaka wa kwanza, levodopa haijasaidia, naomba picha ya katikati kabisa ya kichwa, inayokikata kutoka mbele kwenda nyuma, na kipimo cha ubongo wa kati. Katika mkato huo shina la ubongo huonekana kwa ubavu. Ubongo wa kati hukaa juu, na chini yake kuna uvimbe mnene tunaouita daraja. Kwa mtu mzima mgongo wa juu wa ubongo wa kati umebinuka kama paji la uso. Katika PSP umeliwa, umekuwa bapa au umebonyea, na umbo lote linageuka ndege: daraja ni kifua kinene, ubongo wa kati ni kichwa kilichosinyaa, na mbele yake kumechomoza mdomo mrefu mwembamba. Vitabu vinamfananisha na ndege mvumaji wa Amerika. Wanafunzi wangu hawajawahi kumwona ndege huyo, basi mimi husema chozi, yule anayefyonza maua kwenye kila ua la Rutshuru, na hawasahau.

Tena kipimo chake hakitaki kompyuta ya ajabu. Mwaka 2013 Luke Massey na wenzake wa London walilinganisha picha na bongo zilizothibitishwa baada ya kifo. Ubongo wa kati wenye unene chini ya milimita 9.35, au uwiano wake na daraja ukiwa chini ya 0.52, haukuonekana kwa mgonjwa hata mmoja wa Parkinson au wa MSA katika kundi lile. Uliwaonyesha wenye PSP peke yao. Rula inatosha, mradi filamu ina kipimo chake pembeni. Nilipoweka rula juu ya filamu ya mzee yule, na wanawe wameinama juu ya bega langu, ubongo wa kati ulikuwa milimita 8 na daraja 17. Gawanya mwenyewe.

Tahadhari ni lazima. Wagonjwa wengi wenye PSP, hasa mwanzoni, hawajafikia kipimo hicho. Picha isiyo na chozi haimwondolei mtu ugonjwa. MSA nayo ina alama zake, kama msalaba mweupe unaojitokeza katikati ya daraja au utepe mweupe ukingoni mwa putameni, lakini nazo huchelewa kuja. Alama ikiwepo ina uzito mkubwa. Isipokuwepo, rudi kwa mgonjwa.

Nimesema kazi ya kwanza ya picha ni kutafuta kinachotibika, na ningeomba msomaji atulie hapa zaidi ya kwenye ndege na mkia, kwa sababu hapa ndipo watu hupona. Mzee akianguka kwenye pikipiki au akigonga kichwa kwenye boriti, damu inaweza kuvuja polepole chini ya utando wa ubongo kwa wiki kadhaa. Anakuwa mzito, anaburuta miguu, anasahau. Watu wanasema ni uzee, daktari mwenye haraka anaandika Parkinson. Skaneri ya kawaida, CT, inaionyesha damu hiyo kwa dakika chache, na tundu dogo la upasuaji linamrudishia mtu baba yake. Maji yakijaa katika vyumba vya ubongo kwa mtu mzima huleta mwendo wa kunata sakafuni, mkojo usiozuilika na usahaulifu. Hayo nayo huonekana kwenye CT, na wengine husaidiwa kwa mrija. Toksoplasma kwa mwenye virusi vya Ukimwi inaweza kukaa katikati ya vituo vile vile vya mwendo. Uvimbe pia.

Lipo na lile la makala, yaani makaa ya kupikia. Usiku wa baridi, na nyanda za Bunagana zina baridi, watu huingiza mbabula, jiko la makaa, ndani na kufunga dirisha. Anayenusurika anaweza kuonekana amepona kabisa, halafu wiki kadhaa baadaye akaanza kukakamaa na kunyamaza. Picha yake huonyesha madoa mawili ya ukubwa unaolingana, kushoto na kulia, katikati ya ubongo, kama macho ya paka gizani. Ukiyaona, muulize mama wa nyumba kuhusu mbabula. Wengine hulichanganya hili na mazuku, ile hewa ya volkeno inayotuama mabondeni hapa Goma; mazuku ni kaboni dioksidi na huua papo hapo, moshi wa makala una kaboni monoksidi, na ndiyo inayounguza vituo hivyo.

Kuna hoja ambayo wenzangu hunitolea, nami naiheshimu. Wanasema: unawaambia watu wategemee uchunguzi wa mikono, na wewe mwenyewe umekiri mabingwa hukosea. Ni kweli. Mwaka 1992 Andrew Hughes na wenzake wa London walitangaza walichokikuta katika bongo 100 za watu waliokufa wakiwa na jina la Parkinson kwenye faili: 76 tu ndizo zilizokuwa nayo. Lakini tazama kosa lilikuwa wapi. Baadhi ya waliokosewa walikuwa na dalili zilizopuuzwa, kama kuanguka mapema au dawa kukataa, na vigezo vilipobanwa usahihi ulipanda. Tiba ya uchunguzi mbovu ni uchunguzi mzuri, unaorudiwa kila baada ya miezi, kwa sababu magonjwa haya hujifichua kwa muda. Picha ikipigwa juu ya uchunguzi mbovu, inaupa tu sura ya sayansi.

Na kipimo kinachochezewa kuliko vyote ni dawa. Mgonjwa hupewa levodopa kibao kimoja kwa siku kumi, halafu inaandikwa "imekataa", na kuanzia hapo anahesabiwa kuwa na jamaa mbaya wa Parkinson. Huko si kujaribu. Vigezo vya kimataifa vya MSA vinataka dawa ipandishwe polepole hadi miligramu 1,000 kwa siku, kama mgonjwa anaistahimili, na ikae hapo angalau mwezi mmoja, ndipo useme imeshindwa. Mbadilishaji fedha wangu alikuwa ameambiwa dawa haimfai. Tulimpandishia taratibu, akila kibao mbali na chakula cha maharagwe kwa kuwa protini huizuia njiani. Wiki ya sita bintiye alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Tarakimu zilikuwa zimesimama tena. Hakuna mashine ya Nairobi ambayo ingeniambia zaidi ya ukurasa ule.

Wakati mwingine tatizo ni kwamba dawa yenyewe haipo. Levodopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwa orodhani na kuwa dukani ni mambo mawili. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika idadi ya watu 161,071. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na karibu wanne kati ya kila watano walikuwa hawajawahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini. Hiyo ni Tanzania yenye amani. Bunagana ilitwaliwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022, watu wakavuka kwa maelfu kwenda Kisoro, upande wa Uganda, wengi wakipita kambi ya Nyakabande, na wazee wakaacha faili, filamu na vibao vyao majumbani. Mgonjwa wa Parkinson anayekatiziwa levodopa ghafla anaweza kukakamaa kama ubao, homa ikapanda, akafa. Mkimbizi mzee anapofika kambini, swali la "unameza dawa gani kila siku?" liulizwe siku hiyo hiyo. (Nikiwa hapo: mbegu za upupu zina levodopa ya kweli, na zimechunguzwa na watafiti makini huko Bolivia. Lakini kiasi chake hubadilika mbegu kwa mbegu. Asijipikie mtu.)

Basi nifanye nini, huniuliza waganga wa zahanati. Anza na simu yako. Mrekodi mgonjwa akiinuka kwenye kiti bila kushika, akitembea hatua kumi na kugeuka, akigonga vidole, akitazama juu na chini, akiandika sentensi moja. Dakika mbili. Nimetambua PSP kwa video iliyotumwa kutoka Rutshuru, na nimewazuia watu wasiende kupiga picha kwa video kama hiyo. Fomu ya picha iwe na swali. Ukituma picha, omba faili zenyewe kwenye CD au flashi, kwa sababu filamu iliyopigwa picha dhidi ya dirisha na kurushwa kwa WhatsApp inafuta yale yale tunayoyatafuta. Mafundi wa radiolojia wafundishwe mkato ule wa katikati na vipimo viwili vya rula. Ni somo la asubuhi moja.

Lipo na jambo ambalo hospitali zetu zinalo bila kujua. Mwaka 1995 Georg Becker na wenzake, huko Ujerumani, walionyesha kuwa ekografi, picha ya mawimbi ya sauti, inayopita kwenye mfupa mwembamba wa panja inaweza kuuona ubongo wa kati, na kwamba kwa wengi wenye Parkinson zile seli nyeusi hung'aa kuliko kawaida, jambo ambalo katika MSA hutokea kwa nadra. Kifaa cha kushika mkononi ni kile kile kinachotazama moyo. Kwa baadhi ya watu mfupa hauruhusu sauti kupita, na hilo hutokea zaidi kwa wanawake wazee na kwa watu wa asili ya Afrika, na wachache wasio na ugonjwa nao hung'aa. Hivyo siwezi kuiuza kama mkombozi. Ila mahali penye mashine ya moyo na daktari mwenye subira, tungeweza kuanza kujifunza mwezi ujao.

Na upande wa Uganda, safari ya siku moja kwa basi kutoka mpakani, kuna jambo linalonipa furaha ya kweli. Mwaka 2022 katika chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake, pamoja na wahandisi kutoka Uholanzi na Marekani, waliunganisha MRI ndogo kutoka kwenye vipande, ndani ya siku chache, kwa sumaku za kudumu zenye nguvu ya takriban tesla 0.05. Lengo lao lilikuwa watoto wenye vichwa vya maji. Mashine ya namna hiyo haitauona mkia wa mbayuwayu, wala singeiamini kwa chozi. Lakini inaweza kuviona vyumba vya ubongo vilivyojaa maji. Nikikumbuka orodha yangu ya vinavyotibika, naona ni aina ya mashine ninayoitaka Kisoro, Rutshuru na Goma kabla ya ile ya dopamini.

Mzee wa viazi hana dawa ya kumponya, na niliwaambia wanawe hivyo, mbele yake, kwa sababu alitaka kusikia. Levodopa tuliipunguza hadi ikaisha, maana ilikuwa inamlevya bure. Fedha iliyobaki ya ng'ombe haikwenda Nairobi. Walisawazisha mawe ya volkeno kati ya mlango na choo, wakaweka fito za kushika pande zote mbili. Uji wake unakuwa mzito ili usimpalie. Na kwa kuwa macho yake hayashuki, mkwewe amepindua sufuria kubwa juu ya meza, sahani inakaa juu yake, usawa wa kidevu. Mara ya mwisho walipomleta, shati lilikuwa safi.